Maziwa Yanayomwagika Kando: Jinsi ya Kuielewa Kazi ya Ernie Kovacs

Kipo kipande cha video cha nyeusi na nyeupe kisichochoka kuzunguka mitandaoni. Mwanamume mwenye masharubu ameketi mezani, anatoa chakula chake kwenye kisanduku kimoja kimoja, na kila anachokiweka kinabingirika chenyewe hadi mapajani mwa mtu anayesoma gazeti upande wa pili. Anachukua chupa ya maziwa, anailenga sawasawa juu ya kikombe, na maziwa yanatoka yakienda kando. Hakuna anayezungumza, na wala hausikii kicheko cha watazamaji.

Chini ya kipande hicho mabishano hayaishi. Wapo wanaoapa kwamba ni kompyuta, ingawa mtu huyo alifariki mwaka 1962. Wengine wanasema ni sumaku, wengine uzi. Na wale wanaokwenda kulitafuta jina lake, Ernie Kovacs, hurudi wamechanganyikiwa zaidi. Wanakuta orodha ndefu ya vipindi vilivyodumu miezi michache na kufutwa, kuanzia stesheni hii hadi ile, kisha wanakuta wanahistoria wa televisheni ya Marekani wakimweka miongoni mwa waasisi wa vichekesho vya luninga. Mtu aliyefutwa kote huko amekuwaje mwasisi?

Mambo hayo mawili hayapingani, ila ukiyatazama kwa kipimo cha kawaida cha mafanikio yatakupiga chenga. Kovacs hakuitumia televisheni kama dirisha la kuonyeshea jukwaa. Aliichukua mashine yenyewe, yaani kamera, meza ya kuchanganyia picha, spika na kioo cha luninga, akaifanya ndiyo mchekeshaji. Kazi ya namna hiyo ilihitaji muda wa hewani usiogombewa na mtu, na muda usiogombewa ndio ambao hufutwa kwanza.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu maneno machache. Mchekeshaji wa jukwaani husimama na maikrofoni akasimulia. Mchekeshaji wa maigizo mafupi hujenga tukio lenye mahali, wahusika na kisa cha sekunde kadhaa au dakika chache, likakatwa likaja jingine. Kovacs alikuwa wa kundi hili la pili. Mtandao wa utangazaji, kwa maana ya zama zake, ni kampuni kama NBC, CBS, ABC au DuMont iliyokuwa ikipeleka vipindi kwenye stesheni nyingi za mijini kwa wakati mmoja. Mdhamini naye hakuwa mtu wa kununua tangazo la nusu dakika tu. Mara nyingi kampuni moja ya sabuni au sigara ililipia kipindi kizima, na ikijitoa, kipindi kilikufa hata kama watu walikuwa wakicheka. Mwisho ni mubashara: mpaka mwishoni mwa mwaka 1956 hakukuwa na kanda ya video iliyotumika hewani, kwa hiyo karibu kila kitu kilifanyika papo kwa papo, na kosa likitokea mji mzima umeliona.

Kovacs alizaliwa Trenton, jimbo la New Jersey, tarehe 23 Januari 1919, kwa wazazi wenye asili ya Hungaria. Alisomea uigizaji New York, akaugua mapafu vibaya na kukaa hospitalini muda mrefu, na tangu mwaka 1941 akawa mtangazaji wa redio mjini kwao. Hili la redio lisipitwe haraka. Mtu aliyelelewa na redio anajua kwamba sauti ya mlango inatosha kuwa mlango, na baadaye, alipokuwa akitengeneza vichekesho visivyo na maneno, sauti ndizo zilizobeba mzigo.

Januari 1950 alikwenda kwenye usaili wa stesheni ya WPTZ, Philadelphia, akiwa amevaa pipa. Akaajiriwa. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni kipindi cha mapishi, ambapo mpishi wa hoteli alipika naye akasimama kando kuuliza maswali. Siku moja mpishi hakutokea, na Kovacs akapika mwenyewe mayai aliyoyaita Eggs Scavok, ambalo ni jina lake likisomwa kinyumenyume. Hapo ndipo uongozi wa stesheni ulipogundua kwamba ajali za studio, zikiwa mikononi mwake, ni bidhaa.

Novemba 1950 akapewa saa za asubuhi na mapema, wakati ambao wenye stesheni waliamini hakuna mtu anayewasha luninga. Bajeti ilikuwa ndogo mno. Kovacs akawaomba watazamaji walete vitu wasivyovihitaji, na ukumbi wa stesheni ukajaa. Akaanzisha chama cha watazamaji wa alfajiri chenye kadi za uanachama. Kipindi hicho kilitangulia kile cha asubuhi cha NBC, Today, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Halafu angalia kilichotokea: Today ilipoanza tarehe 14 Januari 1952, WPTZ kama stesheni iliyofungamana na NBC ilitakiwa kukipokea, na kufikia mwisho wa Machi cha Kovacs kikaondolewa. Alithibitisha kwamba asubuhi ina watazamaji, na kwa kuthibitisha hivyo akaifanya asubuhi kuwa mali ya kugombewa.

Hadithi hiyo ilijirudia kwa sura nyingine. CBS ilimweka Jumanne saa mbili usiku kuanzia tarehe 30 Desemba 1952. Saa hiyohiyo NBC ilikuwa na Milton Berle, mchekeshaji mkubwa kuliko wote wa luninga wakati huo, na DuMont ilikuwa na Askofu Fulton Sheen, aliyehubiri mbele ya ubao na chaki na kuvutia mamilioni. Kipindi cha Kovacs kilikwisha Aprili 1953, na sidhani kama kuna mtu angefanya vizuri zaidi mahali pale. Baadaye akaenda DuMont usiku wa manane, mtandao uliokuwa tayari unakata roho. NBC ikampa mchana mwishoni mwa 1955, kisha majira ya joto ya 1956, na kuanzia Oktoba mwaka huo akaendesha Tonight, kipindi cha usiku cha NBC, siku za Jumatatu na Jumanne hadi Januari 1957, siku nyingine zikiwa za Steve Allen.

Ukiisoma orodha hii bila kuangalia saa, unaona mtu anayeshindwa mara kwa mara. Ukizitazama saa, unaona mtu anayepelekwa kuziba nafasi tupu, anayezitumia kama karakana, na anayeondolewa nafasi hizo zinapopata mwenyewe.

Usiku uliogeuza mambo nao ulikuwa kiraka. Jerry Lewis, mchekeshaji aliyekuwa ametengana na mwenzake wa jukwaani Dean Martin mwaka uliotangulia, alipewa na NBC dakika 90 tarehe 19 Januari 1957. Alitaka 60 tu. Dakika 30 zilizobaki hakuna mchekeshaji aliyezitaka, maana nani anapenda kutokea jukwaani baada ya nyota ambaye nchi nzima imekaa kumsubiri? Kovacs akazichukua, na akafanya nusu saa isiyo na mazungumzo hata kidogo. Mhusika wake, Eugene, ni bwana mpole anayeingia mahali ambapo vitu vimekataa kutii kanuni. Anafungua kitabu, sauti ya yaliyomo inatoka. Anakaa kula, na meza inamfanyia yale ya maziwa. Kufikia Aprili alikuwa kwenye jalada la jarida la Life, na studio ya filamu ya Columbia ilikuwa imeshamchukua.

Sasa tuingie kwenye maziwa yenyewe, maana hapa ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapopotea.

Hakuna sumaku wala uzi. Chumba kizima kilijengwa kikiwa kimeinama: sakafu, meza, kuta. Kamera nayo ikainamishwa kwa pembe ileile. Kwa kuwa kamera na chumba vimeinama pamoja, kwenye kioo mistari yote inaonekana imenyooka, na jicho lako linaamini kwamba chini ni upande wa chini wa picha. Lakini mvuto wa dunia haujali kamera imeelekea wapi. Chochote kilicho huru, kama tunda au maziwa, kitafuata chini ya kweli, na chini ya kweli kwenye picha hiyo iko pembeni.

Unaweza kulijaribu kwa ubao na simu. Egemeza upande mmoja wa ubao juu ya vitabu hadi upate mwinamo wa digrii 15 hivi, gundisha kikombe juu yake, weka nyuma yake kadi kubwa isiyo na michoro iliyoinama sawa na ubao, kisha inamisha simu hadi ukingo wa ubao ulale sambamba na ukingo wa picha. Mimina kutoka kama sentimita 20 juu ya kikombe. Maziwa yatatua sentimita 5 na kitu pembeni ya pale macho yanapoyatarajia. Kwa digrii 5 tofauti ni chini ya sentimita 2, na mtazamaji atadhani mkono umetetemeka. Kwa digrii 30 inazidi sentimita 11, ambayo inapendeza sana, ila sasa mwigizaji hawezi kukaa kitini bila kuteleza.

Na mwigizaji ndiye sehemu ngumu. Mwili wake lazima ufuate mwinamo wa chumba, yaani akae akiwa ameegemea upande mmoja kwa dakika nzima huku uso ukionyesha utulivu. Chochote kinachoning'inia kinaisaliti siri. Tai italala upande, pazia litaacha ukuta, moshi wa sigara utapanda kwa mshazari. Kwa hiyo tai inabanwa kwa pini, taa ya darini inatengenezwa kwa fimbo ngumu badala ya waya, na vitu vyote visivyohitajika kubingirika vinapigwa gundi. Kosa la kawaida kwa wanaoiga ni kuacha chupa ya maji nyuma ya mwigizaji. Uso wa maji ndani ya chupa husimama sawa na upeo wa dunia, na mtazamaji mwenye macho makali anamaliza mchezo hapohapo.

Ujanja wake mwingine mwingi unatokana na ukweli mmoja wa picha ya luninga: nyeusi ni ukosefu wa mwanga. Ukichanganya picha za kamera mbili kwa kuzijumlisha, sehemu nyeusi ya picha ya kwanza haiongezi kitu, kwa hiyo picha ya pili inaonekana pale kama kwamba pametobolewa. Katika kichekesho kimoja Kovacs anachungulia kupitia tundu kwenye kichwa cha msaidizi wake, Barbara Loden, ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji wa filamu. Tundu lilikuwa kiraka cheusi kilichobandikwa kichwani, naye amesimama mbele ya pazia jeusi. Kamera ya pili ilimwangalia Kovacs peke yake, naye akitazama kioo cha studio, yaani luninga ndogo inayoonyesha picha inayokwenda hewani, alijisogeza mpaka jicho lake likaangukia kwenye kiraka.

Kusimulia ni rahisi. Kioo cha studio hakigeuzi kushoto na kulia kama kioo cha ukutani, kwa hiyo mtu akitaka kujisogeza upande mmoja, mwili kwa mazoea humpeleka upande mwingine. Kiraka kikipata mwanga kidogo tu kinakuwa kijivu, na badala ya tundu unaona ukungu wenye jicho ndani yake. Na mwanamke akipumua kwa nguvu, jicho linahamia shavuni. Mubashara, hakuna kurudia.

Mengine hayakuhitaji umeme kabisa. Kuna tukio ambapo yuko ndani ya maji, anavuta sigara, anapuliza, na moshi mweupe unatoka mdomoni. Alikuwa ameijaza midomo yake maziwa kabla ya kuzama. Kuna mwanamke anayeoga kwenye beseni la povu, na kutoka ndani ya povu hilo anainuka mtu, akafuata mwingine, na mwingine. Kuna muuza magari anayelisifia gari imara, analipiga kofi, na gari linazama sakafuni. Hapa kuna jambo ambalo wachekeshaji wachanga hulikosea: tukio la gari ni la sekunde chache, lakini linahitaji sakafu inayofunguka na gari zima. Kovacs alikubali gharama isiyolingana na urefu wa kicheko, na wahasibu wa mitandao hawakuwahi kumzoea kwa hilo.

Kwa nini hakuna kicheko? Vipindi vingi vya wakati huo vilikuwa na watazamaji studioni au kicheko cha kubandika kilichorekodiwa. Kwenye kazi zake za aina hii Kovacs aliviepuka vyote, na sababu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya ladha. Mtu aliyekaa studioni angeona chumba kilichoinama na mwanamke mwenye kiraka cheusi kichwani. Kichekesho chenyewe hakikuwapo studioni, kilikuwapo kwenye kioo tu. Angecheka wakati usiofaa, au asingecheka kabisa. Pia kicheko kinamlazimisha mwigizaji asubiri kipite, na vichekesho vya Kovacs vilipimwa kwa muziki, ambao haumsubiri mtu.

Muziki ulikuwa uti wa mgongo wa mambo yake. Alichukua vyombo vya jikoni au vifaa vya ofisini, akavifanya vicheze kwa mpigo wa wimbo, droo ikifunguka kwenye noti hii na simu ikilia kwenye ile. Kwenye vipindi vyake vya ABC alitenganisha vichekesho kwa mstari wa mwanga uliotetemeka kufuata sauti ya wimbo wa Mackie Messer kwa Kijerumani. Kupanga vitu hivi maana yake ni kuhesabu mapigo, kumpa kila mfanyakazi anayevuta uzi nyuma ya seti namba yake, na kufanya mazoezi mpaka mikono ijue. Mmoja akichelewa nusu ya pigo, macho yanamwona mfanyakazi, hayaioni tena droo.

Na hapa lazima tulisemee jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hulikuta na kushtuka: Nairobi Trio. Ni kichekesho chake maarufu kuliko vyote. Watu watatu waliovaa vinyago vya sokwe, makoti marefu na kofia za duara, wanapiga muziki kama midoli ya kujaza kwa ufunguo. Mmoja anaongoza. Mmoja yuko kwenye piano. Wa tatu ana vijiti vya kupigia, na kila wimbo unapofika mahali fulani anamgonga kiongozi kichwani. Kiongozi anageuka. Yule anatazama mbele kama hajui kitu. Mara inayofuata kiongozi anamvizia, na mchezo mzima umo kwenye jinsi anavyokosea kumvizia. Kovacs mwenyewe kwa kawaida alikuwa ndani ya kinyago cha kiongozi.

Baadhi ya watu wanadhani wimbo ule una asili ya Kenya, au kwamba kilikuwa kikundi halisi kutoka Nairobi. Hapana. Wimbo unaitwa Solfeggio, wa Mmarekani mpiga kinubi Robert Maxwell, na sauti zinazosikika zinaimba majina ya noti tu. Hakuna chochote cha Nairobi ndani yake zaidi ya jina, lililotumika jinsi Wamarekani wa miaka ya 1950 walivyozoea kutumia majina ya Afrika, yaani kama pambo la mbali linalokwenda na msitu na sokwe. Leo jina hilo linakwaruza, na ni haki likwaruze. Kichekesho chenyewe, ukiliondoa jina, ni somo la saa na subira ambalo bado linafundishika.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu bila fedha miaka yake ya mwisho haieleweki. Filamu zilimlipa lakini hazikumtumia. Kuanzia mwaka 1957 alipewa mara kwa mara nafasi za maofisa wa jeshi au polisi wenye sigara mdomoni. Iliyo bora kati ya hizo ni ya Kapteni Segura mwaka 1959, katika filamu ya Carol Reed iliyopigwa Havana miezi michache baada ya mapinduzi ya Cuba, akiwa na Alec Guinness. Aliendelea na luninga kwa sababu kule ndiko alikokuwa na meza ya kuchanganyia picha.

Aliyempa uhuru hakuwa mtandao, alikuwa mdhamini. Kampuni ya sigara za Dutch Masters ilifadhili kwanza mchezo wake wa maswali huko ABC, na mwaka 1961 ikalipia mfululizo wa vipindi maalumu vya nusu saa, kimoja kila mwezi hivi. Ikamwachia atengeneze hata matangazo. Akayatengeneza bila maneno, kwa muziki wa nyuzi, na watu wakawa hawaondoki kwenda jikoni tangazo linapokuja. Kwa mtu wa biashara hilo lilikuwa hesabu safi: mdhamini hakuhitaji watazamaji wengi kuliko Berle, alihitaji wavutaji wa sigara waliokaa wakatazama. Kanda ya video sasa ilikuwapo, kwa hiyo Kovacs aliweza kurudia tukio hadi likubali, ingawa kuihariri kulikuwa kuikata kwa wembe na kuigundisha, na mkato ukikaa vibaya picha iliruka. Toleo jipya la Eugene la mwaka 1961 lilimpatia yeye na mwenzake Joe Behar tuzo ya chama cha waongozaji wa Marekani.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa mbaya. Alicheza karata kwa fedha nyingi na kushindwa nyingi, alitumia kuliko alichopata, na kodi ya mapato aliipuuza hadi deni likawa mlima. Alfajiri ya tarehe 13 Januari 1962, akitoka kwenye sherehe ya familia ya Milton Berle, yuleyule wa Jumanne saa mbili, gari lake liliteleza kwenye barabara yenye maji Los Angeles na kugonga nguzo. Kipindi chake cha mwisho kilirushwa siku kumi baadaye, tarehe ambayo angetimiza miaka 43. Mwaka huohuo akapewa Emmy ya kazi ya kamera za kielektroniki. Tuzo hiyo ya kifundi ilimfaa kuliko yoyote ya uchekeshaji.

Dhana mbili bado zinasimama njiani. Ya kwanza inasema alizaliwa kabla ya wakati wake. Inasikika vizuri, lakini ukweli unaipindua: ujanja wake ulitegemea wakati uleule. Alihitaji televisheni changa ambayo mafundi wake hawajaambiwa bado kipi hakifanyiki, saa tupu zisizo na thamani, na studio ya mubashara ambamo mtu anaweza kuomba kamera igeuzwe juu chini dakika kumi kabla ya kipindi. Miaka kumi baadaye asingepewa ruhusa.

Ya pili inamfanya kuwa mtu aliyefanya kila kitu peke yake. Alikuwa na waongozaji kama Behar na Barry Shear, alikuwa na mafundi wa studio walioshika vioo na makopo wakitafuta namna ya kupindua picha, na alikuwa na Edie Adams, mwimbaji aliyejiunga naye Philadelphia, aliyeigiza naye na kuolewa naye mwaka 1954. Mchango wa Adams haukuishia mbele ya kamera. Baada ya kifo alikataa kuchangiwa na marafiki, akafanya kazi, yakiwemo matangazo ya sigara za Muriel, mpaka deni la kodi likalipwa.

Na ni yeye anayetufanya tuwe na kitu cha kutazama. Kabla ya kanda, njia pekee ya kuhifadhi kipindi ilikuwa kuweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha luninga na kukipiga picha. Nakala hizo zina ukungu, kingo zimejikunja, na nyingi zilitupwa. Kanda nazo zilikuwa na tatizo lake. Zilikuwa na upana wa inchi mbili, moja ya saa nzima iligharimu takriban dola 300 zilipoingia sokoni, na zilifutika zikatumika tena. Kwa mhasibu, kipindi cha nyeusi na nyeupe cha mtu aliyekufa kilikuwa na thamani ndogo kuliko kanda tupu. Adams alipogundua kwamba kazi za mumewe zilikuwa zinafutwa, alianza kuzinunua. Mwaka 1996 alitoa ushahidi mbele ya jopo la Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba mkusanyo wa mtandao wa DuMont ulipakiwa kwenye malori na kumwagwa kwenye ghuba ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu alizookoa yeye sasa zimo kwenye maktaba hiyohiyo.

Waliomfuata hawakuficha deni. Mchekeshaji Chevy Chase alimshukuru alipopokea Emmy mwaka 1976, na Jolene Brand, aliyecheza kwenye vipindi vya ABC, aliolewa na George Schlatter, mtayarishaji wa Laugh-In, kipindi ambacho mwendo wake wa vichekesho vya sekunde chache na mikato ya ghafla utautambua mara moja ukishamwona Kovacs.

Ukitaka kuanza kumtazama, usianze na vya mwaka 1951. Ni vya mubashara, vinakokota, na nusu ya utani ni wa mji wa Philadelphia wa siku zile. Anza na vipindi vya ABC vya 1961, kisha Eugene, halafu Nairobi Trio, ndipo urudi nyuma kwenye asubuhi za WPTZ. Zima manukuu ya chini ya video, hayana kazi hapo. Na tumia visikilizi vya masikioni, kwa sababu spika ya simu inameza sauti ndogondogo, na kwenye Eugene sauti ndogondogo ndizo mazungumzo.